Barua ya Hadaa: Lugha na Ulinzi wa Hazina katika Serikali za Mitaa

Tarehe 21 Desemba 2018, hazina ya kaunti ya Cabarrus, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, ilitoa dola 2,504,601 kumlipa mkandarasi aliyekuwa akijenga shule mpya ya sekondari. Mwanzoni mwa Januari 2019 mkandarasi yule akauliza mbona hajalipwa. Ndipo ilipogunduliwa ya kuwa barua zilizokuwa zikifika kwa njia ya kompyuta, zikiomba malipo yapelekwe katika akaunti mpya ya benki, hazikuwa zake. Dola 776,518 ziliwahiwa katika benki na kurudishwa. Zilizobaki, zaidi ya dola milioni 1.7, hazikuonekana tena. Hapakuvunjwa kufuli wala hapakuharibiwa mtambo. Kazi yote ilifanywa na maneno.

Mambo ya namna hii aghalabu huachiwa wahandisi, nao huyaeleza kwa lugha ya mitambo. Makala hii yakusudia kuonyesha ya kuwa sehemu yake kubwa ni jambo la lugha: namna barua inavyojenga imani, namna sarufi inavyoweza kumfanya msomaji akubali jambo ambalo hakuambiwa, na namna msamiati wa onyo unavyoweza kumwacha karani wa halmashauri bila ulinzi. Mifano ya kwanza yatoka Marekani, kwa sababu huko serikali za miji na majimbo hutangaza hasara zao waziwazi. Mifano inayofuata ni ya Kiswahili, kwa kuwa hila ile ile imekwisha kujifunza lugha hii.

1. Milango miwili

Mitambo ya habari ya serikali huvamiwa kwa njia nyingi, lakini kwa kusudi la makala hii zaweza kugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wezi wanaovunja mlango. Mji wa Atlanta, katika jimbo la Georgia, ulishambuliwa tarehe 22 Machi 2018 kwa programu iliyoitwa SamSam. Programu za aina hii huzigeuza hati zilizomo katika kompyuta kuwa mafumbo yasiyosomeka, kisha mwenye kuzituma hudai kikombozi ndipo atoe ufunguo. Waliotumia SamSam hawakuwa na haja ya kumdanganya mtu. Walitafuta mitambo iliyo wazi kwenye intaneti, wakapita penye udhaifu au wakabahatisha maneno ya siri hata moja likakubali. Atlanta ilidaiwa dola zipatazo 51,000, nayo haikulipa; lakini kuirudisha mitambo katika hali njema kuligharimu mamilioni ya dola. Kwa siku kadhaa watumishi walijaza fomu kwa mkono, mashauri ya mahakama ya mji yaliahirishwa, na wakazi hawakuweza kulipa ankara za maji kwa njia ya kompyuta.

Fungu la pili ni la wezi wanaofunguliwa mlango. Tarehe 29 Mei 2019, katika mji mdogo wa Riviera Beach, jimbo la Florida, mtumishi wa idara ya polisi alifungua hati iliyoambatishwa na barua pepe. Programu ya kikombozi ikaenea katika ofisi za mji, na mwezi uliofuata baraza la mji likapiga kura kulipa bitkoini 65, zilizokuwa na thamani ya dola 600,000 hivi. Mwaka huo huo mji wa Ocala, katika jimbo hilo hilo, ulipoteza zaidi ya dola 740,000 kwa hila iliyofanana na ile ya Cabarrus: mtu alijifanya mkandarasi wa mji, akaandika kuomba akaunti ya malipo ibadilishwe, nayo ikabadilishwa.

Katika fungu la kwanza mlinzi ni fundi wa kompyuta. Katika fungu la pili mlinzi ni msomaji: karani, mhasibu, mtendaji wa kata, mtu anayesoma barua na kuamua aiamini au asiiamini. Fungu hili ndilo linalowahusu wanalugha.

2. Ithibati iliyokuwa nje ya maneno

Katika utawala wa karatasi, barua haikuaminiwa kwa maneno yake peke yake. Ilikuwa na nembo, muhuri na sahihi. Ililetwa na tarishi ajulikanaye. Ilipokewa masijala, ikaandikwa katika daftari, ikatiwa katika jalada lenye namba yake. Lugha yenyewe yashuhudia jambo hili. Neno sahihi, lenye asili ya Kiarabu, latumika kwa kitu kisicho na kosa na pia kwa jina liandikwalo na mtu mwishoni mwa hati, kana kwamba hati haijawa ya kweli mpaka mkono wa mwenyewe umeipitia. Neno muhuri, lenye asili ya Kiajemi, limekuwa katika Kiswahili jina la chombo na pia la alama inayoachwa na chombo hicho. Na mtu asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuitambua alama hiyo na kuiheshimu.

Haisemwi hapa ya kuwa karatasi haikughushiwa. Mihuri ya bandia ilikuwako, na sahihi ziliigwa. Lakini mwenye kughushi alilazimika kuwa na chombo, na kufika mahali, na kuonana na watu. Imani ilikuwa imegawanywa katika mikono mingi, na maneno ya barua yalikuwa fungu moja tu la ithibati yake.

Barua pepe iliondoa karibu vyote hivyo kwa mara moja, ikaacha maneno. Jina la mwandishi ni maneno, anwani yake ni maneno, na nembo iliyo juu yaweza kunakiliwa na mtoto wa shule. Zipo njia za kihandisi za kuithibitisha barua pepe, nazo ni za thamani kubwa. Lakini hazionekani kwa macho ya karani. Yeye aona maandishi tu, na kwa maandishi hayo ahukumu. Hivyo mzigo ambao zamani ulichukuliwa na muhuri, tarishi na masijala umewekwa wote juu ya lugha, na lugha ni kitu ambacho kila mtu aweza kukiiga.

3. Sarufi ya hadaa

Watumiaji wa simu nchini Tanzania wamekuwa wakipokea ujumbe mfupi wa aina hii: “Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja” fulani. Ujumbe huo umechekwa sana, hata ukawa mzaha wa mitaani, lakini umewaibia watu wengi. Yafaa uchunguzwe kama matini nyingine yoyote, kwa maana ni kazi iliyotungwa kwa ustadi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwanza, hauna salamu. Katika desturi ya Waswahili mazungumzo mapya hayaanzi bila salamu. Asiyesalimu ama ni mkosa adabu, ama anaendeleza maneno yaliyokwisha kuanzwa. Mpokeaji, asipoona sababu ya kumdhania mwenziwe utovu wa adabu, huchagua maana ya pili. Ukosefu wa salamu wamweka katikati ya mazungumzo ambayo hayakuwako.

Pili, kiashiria ile hapa hakionyeshi umbali wa mahali. Chatumika kwa kitu ambacho msemaji na msikilizaji wamekwisha kukijua, kama katika “yule mzee tuliyemwona jana”. Mtu aambiwapo “ile hela” haambiwi ya kuwa kuna hela. Jambo hilo limechukuliwa kuwa limekwisha kubaliwa, na kazi yake ni kukumbuka ni ipi. Ni nyumba gani isiyokuwa na kodi ya kulipwa, au ada, au deni la dukani, au ndugu aliyeahidiwa msaada? Mpokeaji mwenyewe huitafuta hela hiyo katika kumbukumbu zake, na akiisha kuipata huamini ya kuwa ametajiwa.

Tatu, kitenzi kimebeba kiambishi cha yambwa: itume, wala si tuma. Kwa vitu visivyo na uhai kiambishi hicho aghalabu huonyesha ya kuwa kitu kinachosemwa ni maalum na chajulikana. Kwa hiyo “ujulikanao” wa hela umetajwa mara mbili katika maneno mawili, ilhali haukuthibitishwa hata mara moja.

Nne, na hapa ndipo penye werevu mkubwa kuliko pote, yapo maneno “jina litakuja” fulani. Huduma ya kutuma fedha kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya fedha kuondoka. Jina hilo ndilo muhuri wa siku hizi, ndiyo ithibati pekee iliyo nje ya ujumbe. Mwizi auwahi muhuri huo. Amwambia msomaji mapema ya kuwa ataona jina asilolijua, na aone ni jambo la kawaida. Ishara iliyowekwa ili kumwonya yageuzwa kuwa ishara ya kumtuliza.

Sasa na irudiwe barua ya mkandarasi wa Marekani. Mkandarasi alikuwa wa kweli, jengo lilikuwa la kweli, deni lilikuwa la kweli. Habari za zabuni na mikataba ya serikali za mitaa hutangazwa hadharani, kama ipasavyo katika utawala ulio wazi, na mwizi aweza kuzisoma kama raia mwingine yeyote. Kitu kimoja tu kilikuwa cha uongo, nacho ni namba ya akaunti. “Ile hela itume kwenye namba hii” ndiyo barua ya Cabarrus na Ocala kwa muhtasari. Tofauti ni ya kiasi cha fedha na ya mtindo wa lugha, wala si ya muundo.

4. Mtindo wa kiofisi kama vazi la kuazima

Katika halmashauri 184 za Tanzania Bara, Kiswahili ndicho lugha ya vikao na cha sehemu kubwa ya barua. Barua hizo zina mtindo wake ambao kila mtumishi huujua kwa moyo: “Kumb. Na.” pembeni, “Yah:” juu ya habari yenyewe, kisha “Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu”, na mwishoni agizo. Mtindo huu una manufaa yake, lakini una sifa mbili zinazompendeza mwenye kuhadaa.

Sifa ya kwanza ni kauli ya kutendwa. “Unaelekezwa kutekeleza malipo haya kabla ya mwisho wa juma” ni sentensi kamili ya kiofisi, nayo haimtaji mwenye kuelekeza. Mtenda amefichwa na sarufi, na mamlaka yabaki yakielea hewani. Mtumishi aliyezoea kupokea maagizo ya namna hii hazoei kuuliza “na nani?”, kwa kuwa swali hilo lina harufu ya ukaidi.

Sifa ya pili ni ukale wa maneno yake. Fomula zinazorudiwa kila siku hazisomwi tena, bali hutambuliwa tu. Jicho laona “Kumb. Na.” na kuridhika, bila ya kuuliza kama jalada lenye namba hiyo liko. Zamani namba ile ilikuwa mlango wa masijala. Mtu aliweza kwenda kulitoa jalada na kulifungua. Katika barua pepe yaweza kuwa pambo tu. Umbo limebaki, kazi yake imeondoka.

Huongezeka juu ya hayo adabu ya vyeo. Chukuliwe mfano wa kubuni: mhasibu kijana apokea ujumbe wenye jina la mkurugenzi wake, ukimtaka abadilishe akaunti ya mkandarasi wa barabara, na ukisema ya kuwa mkurugenzi yumo kikaoni na asipigiwe simu. Kila neno katika ujumbe huo lategemea heshima. Kijana huyo akiuliza, aonekana amemtilia shaka mkubwa; asipouliza, fedha za barabara zaenda, na kesho atakayeandikiwa barua ya kujieleza ni yeye. Fedha hizo ni ushuru wa wachuuzi wa soko, ni leseni za maduka, ni kodi ya wakulima. Hasara yake haionekani siku ya wizi. Huonekana masika, pale kalivati lililokuwa lijengwe halipo.

5. Msamiati wa onyo

Serikali huwaonya watumishi wake, na sheria zipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kenya ilikuwa na sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao mwaka 2018. Lakini onyo hufika kwa maneno, na maneno yenyewe bado yanayumba.

Chukuliwe neno mtandao. Asili yake yakumbusha kutanda, nalo limefaa vizuri kwa mambo mengi mno: mtandao wa barabara, mtandao wa simu, mtandao wa kompyuta, hata mtandao wa wezi. Mwananchi aendapo ofisini akaambiwa “mtandao hakuna”, hawezi kujua kama umeme umekatika, au waya umekatika, au mtambo umeelemewa na maombi ya hila, kama ilivyoipata tovuti ya eCitizen ya Kenya mwezi wa Julai 2023. Na karani asomapo “usalama wa mtandao” aweza kudhani ya kuwa ni shauri la fundi wa nyaya, lisilomhusu yeye.

Neno fidia lina hatari nyingine. Kamusi hulitaja kuwa mali itolewayo ili kumkomboa mtu, na wapo walioliona kuwa lafaa kwa programu zinazodai malipo. Lakini katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, fidia ni fedha alipwazo mwananchi ambaye shamba lake limetwaliwa. Hati yenye onyo kuhusu “programu za fidia” huenda ikapelekwa kwa mthamini wa ardhi. Kikombozi, neno lililozoewa katika habari za watekaji nyara, halina utata huo. Ama virusi, lugha imelichukua neno la kigeni, ikaiona silabi yake ya kwanza kuwa kiambishi cha wingi, ikalitengenezea umoja wake, kirusi. Ni kazi nzuri ya ngeli, ingawa mwanafunzi asomapo “kirusi kimeingia katika kompyuta” huenda akafikiri kwanza lugha ya watu wa Moscow.

Kwa ufunguo wa kuingilia katika mtambo yako maneno nywila, nenosiri na neno la siri. Mawili ya kwanza ni ya wataalamu. Walakini kila mtu atumaye fedha kwa simu ajua “namba ya siri” ni nini, na ajua kwa uchungu ya kuwa haitajiwi mtu. Onyo lisemalo “nywila yako ni kama namba yako ya siri ya simu” lamfikia mtendaji wa kijiji upesi kuliko onyo linalotumia istilahi peke yake. Ama hila yenyewe ya kuomba siri kwa barua ya uongo haijapata jina moja lililotulia. Wengine huiita ulaghai, wengine utapeli, wengine wizi wa mtandaoni. Neno hadaa lingefaa. Ni neno la zamani, lajulikana pwani na bara, na lataja hasa kitendo cha kumpoteza mtu kwa maneno mazuri, jambo ambalo wizi haulitaji. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukitolea taarifa. Mtumishi aliyehadaiwa husema tu “kompyuta imeharibika”, na saa ambazo fedha zingeweza kuwahiwa benki hupita.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kuyatuliza maneno haya si pambo la wanakamusi. Shahidi atakayesimama mbele ya hakimu kueleza jinsi hazina ilivyoibiwa hana budi kuwa na maneno ambayo yeye na hakimu wanayaelewa kwa namna moja.

6. Kosa la sarufi si mlinzi tena

Kwa muda mrefu watu walifundishwa kuitambua barua ya hadaa kwa ubovu wa lugha yake. Mafunzo hayo yalikuwa na msingi. Barua nyingi zilifasiriwa na mashine zisizozijua ngeli, zikaandika “malipo yako imepokelewa” na “benki wako”, na msomaji wa Kiswahili akacheka akazitupa. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa boma la lugha, bila ya mtu kulijenga kwa kusudi hilo.

Boma hilo limebomoka. Programu zitungazo maandishi siku hizi zaweza kuandika Kiswahili chenye upatanisho safi, zikaiga na mtindo wa kiofisi pamoja na “Yah:” yake. Kuendelea kuwafundisha watumishi ya kuwa barua mbaya ina makosa ya lugha ni kuwafundisha pia, pasipo kukusudia, ya kuwa barua isiyo na makosa ni njema. Fundisho hilo sasa lamsaidia mwizi.

7. Hitimisho

Yote yaliyoelezwa yaelekea kwenye kanuni moja, nayo yaweza kusemwa kwa maneno machache: barua isiwe shahidi wa nafsi yake. Barua yoyote itakayo fedha zihamishwe, au akaunti ibadilishwe, au siri itajwe, ithibitishwe kwa njia iliyo nje ya barua hiyo: kwa simu, lakini kwa namba iliyomo katika jalada, si kwa namba iliyoandikwa katika barua, kwa mtu wa pili kutia sahihi, kwa kuonana uso kwa uso pale inapowezekana. Huku si kurudi katika karatasi. Ni kuirudisha ithibati mahali ilipokuwa, nje ya maneno.

Kwa upande wa lugha ziko kazi mbili. Ya kwanza ni kuyatuliza maneno ya onyo, yawe machache, yenye maana moja, na yatokane na mambo ambayo karani anayajua tayari. Ya pili ni kumpa karani huyo maneno ya kuuliza. Adabu humzuia mdogo kumtilia shaka mkubwa, na hakuna haja ya kuipiga vita adabu. Yafaa itungiwe njia. Halmashauri iandike katika kanuni zake sentensi moja, na mkurugenzi awe wa kwanza kuisifu: “Shikamoo, Mkurugenzi. Nimepokea barua yenye jina lako kuhusu malipo. Kanuni inanitaka nisikie kwa kinywa chako kabla ya kutekeleza.” Sentensi hiyo yaanza kwa salamu, yamtaja mtenda, na yaweka shaka juu ya kanuni badala ya kuiweka juu ya mtu. Vitu vitatu hivyo ndivyo barua ya hadaa ilivyoviondoa.